Mama Poni na Maji ya Saa Nne

Siku hizi Mariam Poni akienda msikitini hapiti njia ya sokoni. Anazungukia nyuma ya mashine ya kusaga, kwenye matope, mama mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, eti kwa sababu njia ya sokoni inapita mbele ya nyumba ya kijana mmoja, Ezati. Nimemwambia mara ngapi, "Dada, utavunjika kiuno huko!" Anakunja gauni lake na kuendelea na safari. Mimi ni Rashida, nauza chapati kwenye geti la shule anakopika, hapa Koboko, karibu na mpaka wa Kongo. Mengi yalitokea mbele ya macho yangu, mengine alinisimulia mwenyewe huku akilia, kwa hiyo asije mtu kuniambia nimeongeza chumvi.

Poni ni mtoto wa kambi ya jeshi. Baba yake alikuwa askari wa serikali ya kijeshi ya zamani, na serikali ile ilipoanguka, familia nzima ilivuka kwenda upande wa Kongo kwa miguu. Poni alikuwa msichana mdogo, na mgongoni alimbeba mdogo wake. Huko mtoto akashikwa na homa. Mama yao akawa anachemsha maji, lakini yalikuwa ya moto mno, na mtoto alilia kiu akigeuza kichwa kila alipoletewa kikombe. Yule mdogo hakurudi nao Koboko. Basi mpaka leo Poni hawezi kumwona mtoto anaomba maji halafu anaambiwa subiri. Roho inamwuma kabisa.

Ndiyo maana watoto wa shule walimpenda. Bomba la shule lilipokufa, mwalimu mkuu, Bwana Afedra, alipanga mambo mawili. Ezati, kijana mwenye mke na mtoto, aliyehamia kwetu kutoka upande wa Adumi, angeleta maji ya kijitoni kwa baiskeli. Poni angeyachemsha. Sufuria kubwa jikoni ilikuwa moja tu, na uji ulikuwa lazima upikwe kwanza, kwa hiyo maji yalikuja kuchemka karibu na saa nne, wakati kengele ya mapumziko inalia na watoto wanatoka mbio, vumbi tupu, ndimi nje. Poni alileta mitungi miwili ya udongo kutoka nyumbani kwake. Anamimina maji ya moto, halafu anachota ya Ezati kwenye jerikeni na kuongeza juu yake, kidogo tu, yapoe. Watoto wananywa, wanasema, "Maji ya Mama Poni iko tamu!" Naye anajisikia malkia.

Unasikia hapo? Anachemsha vizuri, halafu anatia mabichi. Usimcheke. Hapa kwetu mgeni ukimpa maji ya moto anadhani humtaki, na nyumba nyingi nilizoingia zinapoza maji hivyo hivyo, yangu ikiwemo. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kile kikombe kimoja kinaharibu sufuria nzima.

Muhula wa pili watoto wakaanza kuumwa matumbo, mmoja, wawili, halafu darasa zima. Shakira, binti wa jirani yetu Zuhurah, alihara damu mpaka akapelekwa hospitali Arua. Hapo ndipo maneno yakaanza. Mtu mmoja sokoni alisema kwao Ezati wanalima tumbaku, na dawa ya kupulizia tumbaku inabebwa kwenye jerikeni. Basi! Kufika jioni, Koboko yote ilikuwa na hakika kwamba Ezati ameleta maji ya shule kwenye majerikeni ya dawa. Moto unaua wadudu, wakasema, lakini sumu hauiwezi. Ezati aliapa kwamba majerikeni yake ni mapya, aliyanunua hapa hapa. Nani amsikilize? Mtu wa kuja.

Jumapili Poni akapanda gari kwenda Arua kumwona Shakira, na uji kwenye chupa ya chai. Alimkuta mtoto macho yamezama, midomo imepasuka. Zuhurah alikuwa ametoka kufua. Nesi akaja kubadilisha dripu, akamdhania Poni ni bibi wa mtoto.

"Atapona, mama," nesi akasema. "Lakini mkirudi nyumbani, angalieni maji."

"Si wanasema ni sumu ya tumbaku?"

"Sumu gani? Tumepima, majibu yametoka leo. Ni wadudu wa maji mabichi."

"Lakini tunachemsha."

"Mnayapoza vipi?"

Nesi alikuwa anaandika kitu, hakumtazama hata. "Wengine wanachemsha vizuri halafu wanaongeza ya baridi," akasema. "Hapo umefanya kazi bure, wadudu umewarudisha wote. Funika, uache yapoe yenyewe." Akaenda kitanda kingine.

Poni aliniambia alitaka kumwita nesi arudi, lakini hakumwita. Zuhurah akaingia na ndoo ya nguo, akamkumbatia, akamshukuru kwa uji. "Wewe ndiye unawahurumia watoto wetu," akamwambia. "Yule mbwa Ezati, Mungu atamlipa." Na Poni akaitikia. Akasema amina. Neno hilo lilimtesa kuliko yote, kila akilitaja alijipiga kifua.

Sasa fikiria. Alirudi Koboko akiwa peke yake anayejua kwamba hakuna sumu. Sentensi moja ingemwokoa Ezati. Lakini mtu wa kwanza angeuliza, kama si sumu, ni nini? Na swali la pili lingeingia jikoni kwake. Akajiambia atasema kesho. Angalau jambo moja alilifanya: kuanzia hapo hakuongeza tena maji mabichi. Aliwaacha watoto wasubiri mpaka mchana, wakamnung'unikia, naye akajifanya kuni zimelowa.

Jumatatu asubuhi wazazi walikuja. Nilikuwa nakaanga chapati, nikaacha zikaungua. Walimkuta Ezati ndio kwanza anafika, jasho linamtiririka, wakamnyang'anya baiskeli na kuifungia stoo ya shule. Wakayapasua majerikeni kwa panga, moja moja, maji yakatiririka mpaka kwenye meko yangu. Na mimi nilipiga kelele na wenzangu, sitaficha. Nilimwita mwuaji. Poni alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi. Hakusema kitu. Nilidhani ni hasira.

Wiki ile hakulala vizuri wala kula. Alimwona mke wa Ezati anauza sahani zake sokoni, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amewaambia wahame. Kila jioni alitoka kwenda kwa mwalimu mkuu, akafika kwenye ua, akageuka. Jumamosi mwenyekiti wa wazazi, Mzee Faruk, akaitisha mkutano shuleni ili Ezati apelekwe polisi, kisha arudishwe kwao.

Jua lilikuwa kali. Faruk alikuwa katikati ya maneno yake Poni alipotoka jikoni na sufuria inayofuka mvuke. Akaweka mtungi mbele ya watu wote, akamimina maji ya moto. Kisha akachukua kata, akachota kwenye ndoo ya maji ya kijitoni aliyoyateka mwenyewe asubuhi, akaongeza. Akajaza kikombe, akampelekea mwenyekiti kwa mikono miwili.

"Mzee, kunywa."

Faruk akakitazama kikombe. "Mama, umetia mabichi humo."

"Kidogo tu, ipoe. Kunywa."

"Sasa hii si itaniumiza?"

"Hii ndiyo watoto yenu walikunywa kila siku," Poni akasema. "Ni mimi nilipatia wao. Sumu hakuna. Nesi ya Arua alisema na mimi kwa mudomo yake. Ezati hana makosa."

Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa. Mimi nilitaka ardhi inimeze, maana nyumbani kwangu mtungi ulikuwa umejaa maji ya namna hiyo. Poni alikuwa anangoja wamtukane, wamfukuze. Alitaka, nadhani. Lakini Faruk akaweka kikombe chini na kukohoa.

"Mama yetu hakukusudia," akasema. "Ni kwa huruma yake. Tunamsamehe, au vipi?"

Watu wakaitikia, ndiyo, tumesamehe. Hivyo tu, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake. Wakapanga maji ya kunywa yachemshwe jioni, yafunikwe, yalale yapoe. Mtu akatumwa kufungua stoo, na mwenye nyumba wa Ezati akasema wasihame tena. Ezati, ambaye alikuwa amekaa pembeni kwenye tofali muda wote, akapewa baiskeli yake. Kwake yeye hakuna aliyesema samahani.

Poni akamfuata getini, karibu na meko yangu. Akapiga magoti, mama mzima, mbele ya kijana anayeweza kuwa mtoto wake.

"Mutoto yangu, nisamehe. Mimi haikujua kwamba maji ile inaua."

Ezati akamwinua kwa mkono. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo. "Ile hukujua, mama. Hakuna shida." Akasita. "Lakini nesi alikwambia lini?"

Poni akatazama chini. "Jumapili."

"Jumatatu walipasua jerikeni zangu. Wewe ulikuwa kwa mulango. Mimi niliangalia wewe tu. Nikasema, huyu mama iko na roho nzuri, sasa hivi atasema kitu."

Alingoja jibu. Poni akainama kufuta vumbi magotini. Ezati akaigeuza baiskeli yake na kuisukuma kwenda nyumbani.