Foleni ya Kandambili

Bi Deki, binti wa mchimba visima ambaye hakuwahi kumwacha mwenzake shimoni, mjukuu wa mkunga aliyetembea njia nyingi kuliko punda wa mizigo, mjane wa fundi viatu, mwenyewe amepiga deki sakafu ya benki moja kwa miaka ishirini na sita. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho tu.

Sakafu ile aliijua kigae kwa kigae. Huanza pembeni mwa kaunta, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, na daima huacha njia moja kavu ili mteja asiteleze. Kwa kuiona iking'aa kila asubuhi, aliamini na benki yenyewe ni imara, na hapo ndipo alipokosea. Aliwashawishi wanawake kumi na saba wa mtaa wao watoe akiba zao chini ya magodoro wazipeleke kule. Wa kwanza alikuwa wifi yake, mdogo wa marehemu mumewe, muuza mkaa mwenye ulimi usiojua kulala.

Basi Jumanne moja redio ikasema benki imeyumba. Wakubwa wake walikopeshana fedha za watu mpaka sanduku likabaki na mwangwi. Ijumaa serikali ikatangaza kuwa itaiokoa kwa fedha za kodi, na kila mwenye akiba atalipwa, ila wachache wachache kwa siku. Mtaa ukachemka. Kinyozi alisema mkubwa akianguka huletewa godoro, mdogo huulizwa macho yake yalikuwa wapi. Mwenye duka akamjibu kwamba huyo mkubwa alianguka na akiba za wadogo mgongoni, godoro lisingeletwa wangevunjika wote. Wakabishana mpaka mteja aliyekuwa akinyolewa akaomba amaliziwe upande wa pili.

Wifi hakubishana na mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Deki, akasimama mlangoni.

"Wifi, ulituambia sakafu inang'aa. Kumbe tungeuliza na chini yake kuna nini."

Neno la Bi Deki ndilo lililowapeleka wale kumi na saba, na asiye na mali ana nini zaidi ya neno lake?

Jumatatu asubuhi umati ulikuwa umejazana mlangoni mwa benki, wenye nguvu mbele, vikongwe wakibanwa ukutani. Meneja akamwita Bi Deki kando, akamwambia kwa upole apite mlango wa nyuma achukue chake kabla ya wengine. Angekubali, nani angejua? Yeye akamwuliza kama mlango huo unatosha watu kumi na wanane. Meneja akatazama viatu vyake.

Bi Deki akatoka nje, akavua kandambili moja, akaiweka chini. Akawaambia watu wafanye kama bombani siku za mgawo wa maji: pale hakuna anayesimama juani, ndoo ndiyo hushika zamu. Hapa kiatu kishike. Watu wakacheka, kisha wakavua. Wazee wakatangulizwa. Ilipofika saa mbili foleni ya viatu ilikuwa imepinda kona, wenyewe wamekaa kivulini, mguu mmoja peku. Kandambili ya Bi Deki, ile ya buluu ambayo marehemu mumewe aliishona ukanda kwa mkono wake, yeye mwenyewe aliisogeza hadi mwisho kabisa, nyuma ya wale kumi na saba.

Siku ya sita wifi akalipwa. Akahesabu mara mbili, akarudi kukaa kivulini. Bi Deki alipomwuliza anangoja nini, akasema anangoja kandambili ya buluu. Ilifika mlangoni jioni, ya mwisho.

Lakini kulipwa hakukumaliza hasira. Wifi alisema wazi kwamba ushuru wa magunia yake ya mkaa ndio uliowaokoa waliokula. Ukaitishwa mkutano wa mtaa, na ofisa wa serikali aliyekuja akaeleza kuwa benki itarudisha fedha zote za serikali kwa miaka kumi, na kila mwaka hesabu itasomwa hadharani. Watu wakaguna. Bi Deki akainuka taratibu.

"Mwanangu, kwa kuokolewa tunashukuru. Ila kazini kwangu, aliyemwaga ndiye hufuta. Wao wamemwaga, sisi tumewaazima dekio. Tutataka kuliona linarudi."

Ofisa akaandika kitu, hakuna aliyejua nini.

Njiani kurudi nyumbani, Bi Deki alipima umri wake, akaona miaka kumi ni mingi mno kwa magoti yale. Akamshika wifi mkono.

"Wewe umenishinda kwa ujana na kwa mdomo. Kila mwaka mkutano ukiitwa, kaa mbele, waulize wamerudisha kiasi gani. Wakizungukazunguka, uliza tena."

"Na wakinitoa nje, wifi?"

"Acha kandambili."