Mlio wa Pikipiki ya Bwana Afya

Kuanzia mwaka 1975 umbali ulikuwa umekomeshwa katika Mkoa wa Ziwa Magharibi. Hilo lilitangazwa Bukoba, uwanjani, mbele ya wafanyakazi wa afya waliopangwa mistari miwili juani: hakuna tena mwananchi atakayehesabiwa kuwa yuko mbali na huduma, kwa kuwa huduma sasa ina pikipiki. Makofi yakapigwa. Kisha pikipiki yenyewe, moja, nyekundu, ikakabidhiwa kwa Bwana Afya Rugaibula wa Kitendaguro. Alipewa nafasi ya kusema neno. Akasema ahsante.

Rugaibula alikuwa mtu mrefu mwenye tabia ya kuinama kila mlangoni, hata pale mlango ulipomtosha. Alisomeshwa na mapadri, akakosa upadri kwa sababu ambazo mwenyewe alizieleza kuwa ni za kiafya, akaishia idara ya afya. Mahubiri yaliyobaki kifuani aliyamalizia kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Hubiri lilikuwa moja tu: sindano haikatizwi. Ukiikatiza, ugonjwa unarudi ukiwa umekujua.

Mgonjwa aliyemnyima raha alikuwa Ma Klaudia, mjane wa Ijumbi, kule Muleba. Zahanati ya Ijumbi ilikuwa imefika kwenye linta na ikapenda kukaa hapo. Kwa hiyo kila Jumanne na Ijumaa Rugaibula alipanda pikipiki, akamdunga mama huyo, akageuza. Kabla ya pikipiki, Ma Klaudia alikuwa amedungwa na kukatizwa, akadungwa na kukatizwa tena. Sasa alikuwa ameanza kunenepa mashavu. Daktari wa mjini alikuwa amesema wazi kwamba safari hii ndiyo ya mwisho. Mapafu yale hayangevumilia kuanza upya.

"Kaa kidogo, Ta Rugaibula," alimwambia Ijumaa moja, akiteremsha mkono wa gauni.

"Nina haraka, Ma."

"Kila siku haraka! Unanidunga kama mtu anayefukuzwa. Hata akamwani hutafuni. Watu watasema kwa Klaudia hakuna kitu."

"Watasema Klaudia amepona. Hilo ndilo ninalotaka waseme."

Akamwani ni kahawa iliyochemshwa na maganda yake na kukaushwa, ambayo Mhaya humpa mgeni atafune. Mgeni akiondoka bila kuionja, amemwambia mwenyeji wake jambo ambalo heri angelitamka kwa mdomo. Rugaibula alilijua hilo vizuri kabisa. Lakini alilijua pia giza la barabara ile. Aliingia ndani mara moja kunawa mikono, akatoka, akamkuta Ma Klaudia amesimama karibu na pikipiki akiiangalia kama ng'ombe wa mtu mwingine.

"Nenda basi," alisema mama. "Lakini kwangu hutoki mikono mitupu."

Rugaibula aliichukua kauli hiyo kuwa ni baraka, akaondoka.

Mlio ulianza kabla hajaifikia barabara kuu. Kra-kra-kra, kama mtu anayesaga meno usingizini. Akiongeza mafuta unaongezeka, akipunguza unapungua, akizima injini, kimya. Asubuhi yake aliripoti kwa mkubwa wake, Ndugu Ishengoma, kama maagizo yaliyokuja na pikipiki yalivyotaka.

"Chombo cha umma hicho, ndugu," alisema Ishengoma. "Kikiungua, utaungua nacho. Kisiguse barabara mpaka fundi athibitishe."

Fundi alikuwa Zahoro, aliyekuwa na kibanda karibu na soko la Bukoba. Babu yake alitoka pwani, na Zahoro alirithi kofia ya babu na uhakika wake. Pikipiki iliwashwa, watu wakakusanyika. Mwalimu mmoja akasema ni valvu. Muuza samaki akasema ni mnyororo. Mzee aliyekuwa anapita tu akasema ni petroli ya siku hizi, akaendelea kupita. Zahoro akasimamisha bisibisi ndefu juu ya injini, akaweka sikio kwenye mpini, akafumba macho.

"Mkono wa pistoni," alisema. "Beringi imekwisha. Ukiendelea hivi, mkono utatoboa ubavu utoke nje ukusalimie."

"Una hakika?"

"Bwana Afya, mtu akikohoa mbele yako, kuna anayekuuliza kama una hakika?"

"Mimi hupima makohozi kwanza."

"Ndiyo hayo tunakwenda kuyapima," alisema Zahoro, na akashika spana.

Tangi likavuliwa, injini ikashushwa na kufunguliwa juu ya gunia. Zahoro aliutikisa mkono wa pistoni kulia, kushoto, juu, chini. Beringi ilikuwa imekaza kama siku ilipotoka kiwandani. Akatafuta kwingine. Kila alichokigusa kilikuwa kizima. Katika kutafuta, gasketi ikachanika, na ringi ya pistoni ikakatika mkononi mwake vipande viwili.

"Sasa?" aliuliza Rugaibula.

"Sasa kuna ubovu," alisema Zahoro.

Ringi ya namna ile haikuwepo Bukoba. Ishengoma aliagiza, akapata jibu kwamba vipuri vitakuja na meli kutoka Mwanza. Meli ikaja na chumvi. Jumanne ikapita. Rugaibula akaomba hati ya kusafiria basi.

"Hati ni ya wasio na usafiri," alisema Ishengoma. "Wewe una pikipiki."

"Imefunguliwa, Ndugu Ishengoma. Iko ndani ya karai."

"Imefunguliwa, lakini unayo. Mimi siwezi kuandika kwamba huna."

Akapanda basi bila hati. Basi likamfikisha hadi daraja moja lililokuwa limeondoka na mvua, na abiria wakarudishwa na dereva aliyewaomba radhi kwa niaba ya mto. Ijumaa ikapita nayo. Meli iliyofuata ikaja na masufuria. Rugaibula alikuwa analala na kuamka akiwaza kikohozi kimoja.

Juma la tatu paa la Zahoro likaanza kuvuja, akaomba kiwiliwili cha pikipiki kihamishwe, yeye abaki na karai. Wakaisukuma pamoja kwenda Kitendaguro, Rugaibula kwenye usukani, Zahoro nyuma. Njia ilikuwa ya mawe. Walipofika kwenye mwinuko, pikipiki isiyo na injini ikasema: kra-kra-kra.

Wakasimama. Ikanyamaza. Wakasukuma. Kra-kra-kra.

"Umesikia?" aliuliza Zahoro.

"Nimesikia."

"Injini iko kwangu."

"Najua iko wapi, Zahoro."

Hapo hapo njiani Zahoro alifungua nati za kiti. Chini yake, juu ya bati la madigadi, palikuwa na kifurushi cha jani la mgomba kilichosukumizwa kutoka pembeni. Jani lilikuwa limekauka na kupasuka, na punje ngumu za akamwani zikatawanyika kwenye bati. Kilikuwa kimefungwa kwa utepe wa bendeji, na Rugaibula aliujua utepe huo, kwa sababu aliukata yeye mwenyewe, Ijumbi, na kuuacha pale.

Zahoro alikaa kwenye jiwe. "Nimempasua mtu tumbo," alisema polepole, "kumbe kokoto iko kiatuni." Alingoja atukanwe. Alipoona hatukanwi, ikawa vigumu zaidi. "Nitukane basi, Bwana Afya."

"Kuna baiskeli mtaani kwako?"

"Ipo ya shemeji."

"Niazimie."

Aliondoka kulipopambazuka, na dawa kwenye mkoba na punje za kahawa kwenye mfuko wa shati. Pale palipokuwa na daraja alivuka mto akiwa ameibeba baiskeli kichwani. Alifika Ijumbi watu wakifunga mbuzi. Uani, kitanda cha kamba cha Ma Klaudia kilikuwa kimeegemezwa ukutani miguu nje, na hapo alijua, lakini alishuka na kubisha hodi kama mtu asiyejua.

Georgina, binti wa marehemu, alimpokea mlangoni. Alieleza bila kumlaumu mtu. Mama alingoja Jumanne, akangoja Ijumaa. Jumanne iliyofuata alisema pengine Bwana Afya amepotea njia, akaenda kukaa kandokando ya barabara ausikie mlio mapema. Mvua ikamkuta huko. Usiku akatapika damu. Walimzika Alhamisi, kibanjani kwenye migomba, pembeni mwa baba.

Rugaibula aliinama kuingia, akaketi kwenye nyasi zilizotandikwa chini. Alikuwa na nafasi. Hapakuwa na giza la kukimbia tena. Georgina akamletea kahawa kwenye kikapu kidogo, naye akatafuna moja, kisha nyingine.

"Mama aliniuliza kama ulizipata kahawa zake," alisema Georgina. "Alizificha ili usizirudishe. Ulizipata?"

"Nilizipata."

"Zilikuwa nzuri?"

"Nzuri."

Kutoka Kitendaguro hadi Ijumbi, kwa baiskeli, ni kutwa moja tu.