Asali ya Kuliwa Kulekule

Mwezi uliopita nilienda Elburgon kutafuta mbao za kukarabati jiko langu. Kijana wa duka la mbao akaniuliza kwa adabu, "Mathe, unataka saiprasi ama paini?" Nikamwuliza kama ana podo, ule mti wa kienyeji wa msituni. Akanitazama, akacheka kidogo. "Podo ni gani hiyo, mathe?" Nilikaa juu ya rundo la mabanzi, maana magoti yangu hayana subira siku hizi, na harufu ya mbao mbichi ikanirudisha mahali ambapo, kusema kweli, nimechoka kurudi.

Nililelewa na harufu hiyo. Mwishoni mwa miaka ya hamsini baba alifanya kazi katika kiwanda cha mbao ukingoni mwa msitu wa Mau, nasi tukakaa kwenye laini ya wafanyakazi, vyumba vya mabanzi vilivyopitisha upepo kila upande. Tulikuwa tumetoka magharibi, na mama hakuizoea baridi ile hata siku moja. Asubuhi alikoroga uji wa wimbi akiwa amejifunga blanketi, akiisema Mau kama mtu anayemsema wifi yake. Unga wa mbao uliingia kila mahali. Tuliula kwenye ugali, tukaukung'uta kwenye nywele, tukalala nao.

Baba hakushika msumeno. Kazi yake ilikuwa kutafuta miti. Alizunguka msituni na nyundo yenye herufi za kiwanda kwenye kichwa chake, na kila mti aliougonga ukabaki na alama ile, ukingoja wakataji. Alijivunia nyundo hiyo. Mama alimtania kwamba akifa atazikwa nayo.

Nyuma ya laini aliishi jirani yetu, Mwogiek, wa jamii ya wenyeji wa msitu ule, mrina asali. Binti yake alikuwa rika langu na rafiki yangu wa pekee. Jumamosi, kazi za nyumbani zikiisha, baba yake alituchukua tukakague mizinga.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa raha tupu. Mau ni mlima juu ya mlima, na msitu wenyewe haukuwa na mwisho ambao mtoto angeufikia. Tulipanda katikati ya mianzi tukiteleza, majani yenye kuwasha yakituchoma miguu, nami nikilalamika njia nzima. Mara jirani anainua mkono, tunasimama. Anainama kugusa mavi ya ndovu, anapima joto lake, kisha anatupitisha upande mwingine bila maelezo. Tulimwona pongo akinywa maji, masikio yakimchezacheza. Tuliona matope yaliyovurugwa na nyati, na ndege wa kijani ambaye akiruka tu, mabawa yake yanakuwa mekundu. Rafiki yangu alikuwa anajua jina la kila kitu. Mimi nilijua njaa.

Siku moja tulivuka kijito cha pili tukashuka kwenye bonde la podo. Tulishikana mikono sisi watatu na hatukuweza kulizunguka shina moja. Juu kabisa walikaa mbega, mikia yao myeupe ikining'inia, wakatutazama kama wenye nyumba wanaotazama wageni wasioalikwa. Mizinga ya jirani ilikuwa huko, mingine ya babu yake. Alishusha sega, akatukatia.

"Hii asali inakuliwa hapa hapa," alituambia. "Ukibeba, nyumbani watakuuliza umetoa wapi. Na ukiulizwa, utasema."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake kwa yeyote aliyempeleka kule. Tulikula mpaka koo zikawasha, tukanawa mikono kijitoni. Kisha alinusa vidole vyetu kimoja kimoja, akasema vyangu bado vina harufu ya mwizi, akanirudisha ninawe tena. Tulicheka sana siku hiyo.

Mwaka uliofuata miti mikubwa ya karibu iliisha. Jioni moja tulipokuwa tukila viazi, baba alimwambia mama, "Wamesema nikikosa podo kubwa kabla ya mvua, tufunge mizigo."

Mama alianza kukusanya sahani. Mimi ndiye niliyekuwa na la kupoteza. Nyumbani kwetu shule ilikuwa mbali, na babu alishasema msichana wa umri wangu ametosha kusoma. Mwalimu wangu wa shule ya kiwandani ndiye pekee aliyekuwa ananiambia nisiache. Nililala na neno hilo kifuani, asubuhi nikamwambia baba, "Mimi najua mahali."

Nilimwongoza mwenyewe. Tulipofika bondeni baba alivua kofia. Kisha akaanza kugonga. Kila alipogonga, mbega walisogea mti mmoja mbele, mpaka hawakuwa na mti wa kusogelea. Ningependa kukuambia kwamba nililia. Sikulia. Nilijiona mtu mkubwa.

Wakataji walimaliza bonde lile kabla ya mvua. Siku moja mchana jirani alikuja kwetu na sufuria iliyofunikwa kwa majani. Ilikuwa asali, imejaa mpaka juu.

"Hii mtakula nyumbani," alimwambia mama. "Saa hii hakuna haja ya kuficha."

Mama alimshukuru sana, hakujua lolote. Baba alitoka nje. Jirani hakunitazama hata mara moja, wala hakunikemea, na mpaka leo natamani angenikemea. Binti yake alikuwa amesimama njiani, mzigo umeshafungwa mgongoni. Niliinua mkono. Hakuinua wake. Walihamia upande wa Keringet, nikasikia hivyo tu. Ile asali sikuionja. Mama alidhani tumbo linaniuma, akanichemshia maji ya tangawizi.

Baba alibaki kazini. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu, nikafundisha wasichana wengi. Mshahara wangu, nyumba yangu, hata jiko hili bovu, vyote nikivifuata nyuma vinanifikisha kwenye bonde lile. Sijui nimlaumu nani, na nimechoka kutafuta.

Lakini wewe naweza kukuelekeza. Ukitoka Elburgon, fuata barabara ya zamani ya malori ya magogo. Vuka kijito cha kwanza. Cha pili hutakiona, kimekauka, ila utaona mawe. Hapo shuka mkono wa kushoto, kwenye mashamba ya viazi. Ndipo hapo. Mwambie yeyote unayetaka.