Mpaka Uliochipua

Isale likichanua jioni, wapita njia husimama wakavuta pumzi: "Jamani, harufu hii!" Mimi inanitia kichefuchefu. Mnisamehe, ndugu zangu, mmea huo nina ugomvi nao.

Kwetu Old Moshi hatuna habari na senyenge. Mpaka wa kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, ni mstari wa masale. Baba alipofariki nilibaki na Mama, na jirani yetu wa juu alikuwa baba mkubwa, kaka wa marehemu. Nilikuwa mtoto wa kuchutama. Nikitumwa majani ya ng'ombe, nitakutwa nimeinamia konokono, au mzizi wa isale uliochungulia udongoni, rangi ya karoti kabisa. "Ndeshi, wewe utaolewa na konokono!" Mama alikuwa akinicheka.

Kiangazi kimoja tulikwenda Kilema kumuuguza bibi. Tuliporudi, masale yalikuwa yameshuka upande wetu, na kahawa ya Baba, mstari mzima, imekuwa ya baba mkubwa. Mama alipomuuliza, alijibiwa, "Shemeji, msiba umekuchanganya. Mpaka uko palepale." Majirani wakatazama chini.

Mvua zikaja. Asubuhi moja nimechutama kwenye ile kahawa, nikaona vichipukizi vimetokeza, vyembamba, vimejiviringa kama sigara, vimenyooka mstari hadi kwenye mfereji. Nikafukua kwa kidole. Karoti zangu! Mzee alikata mashina akayachomeka kwetu, visiki akavifukia, akadhani isale linakufa. Nilipiga kelele mpaka Mama akaja mbio na mwiko mkononi. Alikaa kwenye matope akalia kwa furaha, akawaita wazee wa ukoo.

Baba mkubwa hakungoja kikao. Alfajiri alisimama mlangoni kwetu, kofia kwapani, mkononi jani la isale lililofungwa fundo. "Mama Ndeshi, nisamehe." Kwetu jani hilo halikataliwi, ukilikataa, mkosaji ni wewe. Mama alilitazama weee, kisha akalipokea kwa mikono miwili.

Kikao kikafa. Wazee walisema waliokwisha kupatana hawaamuliwi. Kahawa ikabaki kwake, na vile vichipukizi akaving'oa mchana kweupe, mimi namwangalia. Shikamoo yangu hakuipata tena, na Mama nilimnunia mwaka mzima. Nilimwona mwoga.

Nimekuja kuelewa ukubwani. Mjane mwenye binti tu, angekataa jani mbele ya ukoo, wangemfukuza kihamba chote. Yule mzee alilijua hilo alipokuwa akifunga fundo. Aliiba mara ya pili, tena safari hii alibisha hodi. Mama alinunua paa la kulala mimi, na alilinunua kwa msamaha ambao hakuwa nao moyoni.

Mama tulishamzika. Mzee ni mgonjwa, na wanawe wananipigia simu kila Jumapili baada ya ibada: "Dada, njoo umwone. Mama yako si alishamsamehe?"

Alimsamehe, nawajibu. Aliletewa jani. Mimi sijaletewa.