Tongotongo la Kabula

Jani la muhindi lilimchana Kabula jichoni siku ya palizi, na tangu hapo mama yake, Agnetha, hakuwa na raha. Hospitalini mjini walimpa matone ya kutia kila saa. Mtoto wa miaka saba analia, dawa yote inaishia shavuni! Ndipo Ngassa, mfamasia kijana, akamwingiza kwenye majaribio ya dawa nzito kama ute wa bamia: tone moja asubuhi, linakaa jichoni na kuachia dawa kidogo kidogo hadi kesho yake.

Siku ya tano mama na mtoto walirudi hospitalini kutoka kijijini kwao Kwihara. Kidonda cha jicho kilikuwa palepale.

"Shikamoo, mama Kabula," Ngassa akasema. "Unamtia dawa kweli?"

"Marahaba. Mara ya tatu unaniuliza. Namtia kabla hata sijawasha moto. Labda dawa yenu ndiyo mbovu."

"Wenzake wanapona."

"Basi mimi ndiye mchawi!"

Ngassa akashusha pumzi. Kidonda kikikaa hivyo wiki nyingine, alisema, kitaacha kovu, na jicho hilo halitaona tena. Akampa kichupa. "Hebu mtie hapa, nione."

Agnetha akatia tone. Akasubiri kidogo. Kisha akashika ncha ya khanga, akafuta ute uliojikusanya pembeni mwa jicho.

"Mama! Unafanya nini?"

"Namfuta tongotongo. Apite hivyo mjini, watu waseme hana mama?"

"Hiyo ndiyo dawa!"

Agnetha akaitazama khanga. Siku tano alikuwa akiifuta, asubuhi na jioni. Hasira zikampanda, asijue amtupie nani.

"Mlisema jicho liwe safi."

"Kabla ya kutia," Ngassa akasema, sauti ikishuka. "Baada yake... hatukusema."

Jumapili ya wiki iliyofuata, kanisani, Flavia, jirani wa Agnetha, alimwinamia Kabula na leso.

"Mwenzangu, leo umeamkaje? Mtoto ana tongotongo lote hilo!"

Agnetha akaudaka mkono wake. "Liache."

"Watu wanatazama."

"Watazame." Vidole vyake mwenyewe vilimwasha kutaka kufuta. Akaifunga ncha ya khanga fundo, akamnong'oneza mwanawe, "Ziba jicho lisiloumwa. Unaona nini?"

"Madirisha. Lakini yana ukungu."

"Na Jumapili iliyopita?"

"Hayakuwepo, mama."