Sahani Iliyorudi Nyeupe

Mpaka mwaka huu, mama yangu akimzungumzia marehemu baba, alikuwa hakosi kusema kwamba alikula vizuri mpaka mwisho. Wajane wengine husifu nyumba ya mabati waliyojengewa, au watoto waliosomeshwa. Mama husifu sahani. "Bwana yangu hakuachaga chakula," husema. "Hata ugonjwa haukumushinda kula." Akishasema hivyo uso wake hutulia, na wenzake humtazama kwa wivu kidogo, kwa kuwa wengi wao waliona waume zao wakikataa hata uji.

Si kweli. Chakula cha baba, katika miezi yake ya mwisho, nilikila mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nimelificha jambo hilo mpaka nimezaa watoto watatu, mwanzoni kwa kuogopa kuchapwa, halafu kwa sababu niliona ndiyo faraja pekee aliyobaki nayo mama, na sikuwa na kitu cha kumpa mahali pake.

Wakati ule tulikaa Fizi, kule juu kwenye baridi, kabla sijaolewa nikashuka Baraka, mji wa kando ya ziwa. Baba alikuwa seremala wa milango na mabenchi ya shule. Mama alilima muhogo na karanga, na alichukia kutupa chakula kuliko alivyochukia uongo, ingawa uongo nao aliuchukia sana. Maganda ya muhogo yalikwenda kwa mbuzi. Ukoko wa bugali uliobaki chini ya sufuria aliuloweka, akauanika juani, akautwanga, ukawa uji wa asubuhi. Vichwa vya ndagala, dagaa wa ziwani, alivikaanga vikauke, akavisaga na pilipili. Maharagi ya jana aliyachanganya na sombe ya leo, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na ukimuuliza chakula hicho kinaitwaje, alijibu kinaitwa kula. Ndizi zikiiva mpaka zikaanza kunuka pombe, alizifinya ndani ya unga wa muhogo akatukaangia, nasi tulizipenda kuliko ndizi nzuri.

Sahani zetu alizikagua kabla hazijaoshwa. Tonge uliloliacha usiku ulilikuta asubuhi limepashwa moto, linakungoja wewe peke yako. Kuna tonge moja tulikutana nalo asubuhi tatu mfululizo, mimi na lenyewe, na siku ya tatu nililimeza bila kutafuna ili tuachane kabisa.

Sahani ya baba ilikuwa na desturi yake. Baba alikula kwenye barza, mbele ya nyumba, peke yake au na mgeni, na hakuwahi kumaliza. Nyumbani kwetu mzee anayekula akamaliza kila kitu alionekana hana watoto. Aliacha kipande cha samaki na bugali ya matonge matatu manne, kisha akaita jina la mmoja wetu. Aliyeitwa alikwenda, akapiga magoti pembeni ya kiti chake, akala mabaki yale palepale akitazamwa na wenzake waliokuwa uani, halafu akaipeleka sahani jikoni ikiwa nyeupe. Tulikuwa watoto sita. Kila mmoja aliijua zamu yake ingawa baba hakuwahi kutupangia zamu. Chakula kilekile tulikuwa tumekula jikoni muda mfupi uliopita, lakini cha kwenye barza kilikuwa kingine kabisa. Sijui kueleza zaidi ya hapo.

Mwaka huo, wakati wa kuvuna karanga, baba alianza kuniita mimi tu.

Wenzangu walinuna. Dada yangu mkubwa alinipa jina la Mutoto ya Sahani, na ndugu zangu wakalishika. Mimi nilitembea nimeinua shingo. Niliamini baba amegundua kitu ndani yangu ambacho wenzangu hawana. Mabaki nayo yaliongezeka. Matonge matatu yakawa nusu ya bugali, kipande cha samaki kikawa samaki mzima aliyetobolewa mahali pamoja tu. "Kula, mama," baba aliniambia kwa sauti ya chini. Sisi baba humwita binti yake mama, lakini yeye alilitamka neno hilo polepole, na nililala nalo masikioni. "Kula, mama. Mi nimeshiba."

Nilijua hajashiba. Nataka niseme wazi, kwa sababu watu wanaoisikia habari hii sasa hunitetea haraka: ulikuwa mutoto, ulijua nini? Nilijua. Nilimwona akichukua tonge, akilichovya kwenye mchuzi, akilishikilia karibu na mdomo mpaka mama apite na kuingia ndani, kisha akilirudisha. Nilimwona akimeza na kufumba macho. Nilimwona akichukua msumari na nyundo kwenye sanduku lake la kazi, akautandika mkanda wake juu ya benchi na kuutoboa tundu jipya, na baada ya wiki chache tundu jingine. Siku moja aliniambia, "Usiambie mama yako. Ataanza kuogopa bure." Nikaitikia, mdomo umejaa tumbo la mukeke, samaki wa ziwani, pale kwenye mafuta mengi.

Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mama aliona mumewe anakonda, na kwa kuwa aliamini chakula, alijibu kwa chakula. Alituma watu Baraka wamletee samaki waliotoka ziwani asubuhi hiyo. Aliuza karanga alizokuwa ameweka kwa mbegu ili anunue nyama. Alipika kwa mawese mapya yaliyokuwa bado mekundu sana. Kila sahani iliporudi jikoni nyeupe, aliitazama, akashusha pumzi. "Baba yenu amekula," alituambia, na wenzangu wakala majani yao kimya. Mimi nilinenepa. Wenzangu uani waliona naitwa, si kiasi ninachokula, na mama alidhani ni yale matonge matatu ya kawaida. Hakuna aliyejiuliza, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna chakula kilichowahi kuonekana kimebaki. Kama tungekuwa watu wa kumwaga vyakula nyuma ya nyumba, kama wale jirani tuliokuwa tukiwasengenya, mama angeliona rundo la bugali na angelijua kila kitu siku ya tatu.

Baba alipokubali kupelekwa kwa muganga wa zahanati nilifuatana nao, nimebeba chupa ya maji. Muganga alimbonyeza tumbo, akauliza kama mgonjwa anakula. Mama ndiye aliyejibu, kwa kujivuna kabisa. "Anakula sana. Sahani inarudia nyeupe kila siku." Muganga akaandika. Baba akanitazama. Nilisimama pale na chupa yangu, na nikaangalia sakafu.

Tulipomshusha hospitali ya Baraka, miezi ilikuwa imepita, na ugonjwa ulikuwa umeshaenea tumboni. Alizikwa Fizi kabla ya mvua kubwa.

Namkumbuka sana baba. Watu husema muda unapunguza, mimi sijaona unachopunguza. Mume wangu ana pirogi, mtumbwi wenye injini unaobeba watu na mizigo kwenda Ubwari, na nyumbani kwetu tunakula wote kwenye sinia moja, baba, mama na watoto, kwa sababu niliapa hakuna atakayekula peke yake chini ya paa langu. Ni vizuri hivyo. Lakini kuna mchana mwingine nikiwa peke yangu nakaa kwenye barza na sahani mapajani, na ningetoa kila nilicho nacho nisikie tena sauti ile ikiniambia nile. Kisha najiuliza lile ambalo nimejiuliza maisha yangu yote: aliniita mimi kwa kunipenda, au kwa kuwa nilikuwa mlafi kuliko wenzangu na mlafi hasemi? Hata kama ni hilo la pili, bado ningekwenda. Ningepiga magoti.

Mama anakaa kwangu sasa. Mwaka huu, bei ya unga ilipopanda, wakubwa wa kina mama kanisani walimwomba awafundishe wake wachanga namna ya kutotupa chakula, maana sifa zake zilishuka naye kutoka Fizi. Alifurahi. Alivaa kitenge chake cha sikukuu, tukaenda pamoja, amebeba sufuria yenye ukoko ndani ili aonyeshe kwa mikono. Aliwachekesha sana. Aliwaambia mwanamke anayemwaga mchuzi wa jana anamwaga jasho la mtu, na kwamba kabla ya kupika uhesabu midomo, usihesabu sufuria. Wale wasichana waliandika kwenye simu zao.

Halafu, kumalizia, akasema lile lake.

"Bamama, mi nitabaambia. Chakula ikipikwa muzuri, haibaki. Bwana yangu alikufa na ugonjwa ya tumbo, lakini sahani yake ilirudia nyeupe mpaka siku ya mwisho."

Walipiga makofi. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele yangu, mdogo, amebeba mtoto mgongoni, akainua mkono. Mumewe nilimjua kwa sura. Alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Misisi miezi miwili nyuma, na nguo zikawa zinamvaa yeye. "Asante, mama," akasema, na alikuwa anatabasamu kweli. "Kumbe mi niko nasumbuka bure. Bwana yangu amekonda, lakini mutoto wetu mukubwa anamupelekeaga chakula ndani, na sahani inarudia nyeupe. Basi iko anapona."

Mama akamwitikia kwa kichwa, ameridhika.

Mimi nina hasira za karibu, kila mtu Baraka anajua, lakini siku ile sikusimama kwa hasira. Nilisimama kwa sababu miguu ilisimama. "Mupeleke hospitali leo," nilimwambia yule mwanamke. "Usiangalie sahani. Uulize mutoto nani anakula."

"Juu ya nini, yaya?" akauliza, kwa kuniita dada mkubwa.

Nilimtazama mama, akiwa ameshika sufuria yake. Nilijua ninachokwenda kumnyang'anya, na nikakinyang'anya. "Juu baba yangu hakukuwa anakula," nikasema. "Mi njo nilikuwa nakula chakula yake."

Yule mwanamke alifunga kitenge cha mtoto vizuri, akatoka karibu anakimbia. Mumewe yuko hospitali mpaka sasa, anatibiwa, na zaidi ya hapo sijui. Kiongozi wa kina mama alifunga mkutano kwa sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba.

Mama alitangulia njiani. Sikuthubutu kumpokea sufuria. Tulipofika, alibadilisha kitenge, akaweka ungo wa maharagi mapajani, akaanza kutoa vijiwe. Nikakaa chini mbele yake. Nilimweleza yote, tonge lililorudishwa, matundu ya mkanda, neno aliloniambia baba. Nikamwomba msamaha. Vidole vyake havikusimama.

"Tangu wakati gani?" akauliza.

"Tangu tulivuna karanga."

Akatoa kijiwe, akakitupa. "Mi nilimuambia muganga kama anakula."

"Ndiyo, mama."

"Na we ulikuwa umesimama pale."

"Ndiyo."

Nilingoja kofi ambalo nilikuwa nimelingoja tangu nina miaka kumi na mmoja. Kama angenipiga ningeshukuru. Aliendelea kutoa vijiwe mpaka kuku wakaja kutazama kama kuna chao. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeuliza kitu anachoona aibu kukiuliza.

"Ile mukeke nilitumisha kutoka Baraka. Ile nilipika na nyanya na mawese mapya. Alikula?"

Nilitaka kumdanganya. "Alichovya tonge moja, mama. Ingine nilikula mimi."

Maharagi yakasimama. Baba hakuwa mtu wa kusifu. Katika ndoa yao yote sikumsikia hata mara moja akimwambia mama kwamba chakula ni kizuri. Sahani nyeupe ndiyo iliyokuwa sifa yake, na miezi ile yote mama alikaa jikoni akiipokea kutoka mikononi mwangu, akidhani inatoka kwake.

"Ilikuwa tamu?" mama akauliza.

"Ilikuwa tamu sana, mama."

"Chumvi?"

"Ilitosha."

"Na ile nyama ya karanga?"

Nilikuwa naikumbuka. Nilikuwa nakumbuka kila kitu alichowahi kumpikia mumewe mwaka ule, na duniani kote alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kuulizwa. Nikasogea karibu. Nikamwambia habari ya nyama ile, kisha ya sombe yenye ndagala wakubwa, kisha ya kuku aliyemchinja bila sikukuu, chakula kimoja baada ya kingine, polepole, na yeye akawa anaitikia kwa kichwa, ungo bado mapajani.