Picha Nilizompelekea Baba

Siku ya kwanza kazini sikushika kamera. Nilishika videvu. Fundi Mkuu wa studio ile ya Maili Moja, Kibaha, alikuwa mtu wa bara, mrefu, mkali, vidole vimebadilika rangi kwa dawa za picha, na alikuwa na shida moja ambayo peke yake asingeiweza. Wanawake waliotoka Mlandizi na Janga kuja kupiga picha hawakutaka mwanamume awaguse. Picha nzuri ya studio siku zile ilitaka mtu aguswe: kichwa kigeuzwe kidogo, bega lishushwe, mtandio uvutwe nyuma usitupe kivuli usoni. Kazi hiyo tuliiita kumpanga mteja, nami niliajiriwa kuwapanga wanawake.

"Unaitwa nani?" aliniuliza.

"Tatu."

"Tatu, hapa hatunyonyoi kuku. Ukimshika mteja kidevu, mshike kama umeshika yai. Akinuna yeye, na picha inanuna."

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa msichana niliyemaliza shule juzijuzi, nimetoka Msimbu, Kisarawe, kwa baba yangu aliyelima mihogo na kuangua nazi zake mwenyewe. Nyinyi mnaojipiga picha na simu huku mnatafuna chipsi hamtanielewa nikisema studio ilikuwa mahali pa kuingia kwa adabu. Watu walikuja wameoga, nywele zimechanwa, hawapazi sauti. Kwa wengi picha ile ilikuwa ya kwanza, na wengine hawakupata nyingine.

Filamu tuliyotumia ilikuwa na nafasi kumi na mbili. Mpaka zijae zote haikusafishwa, na kusafisha maana yake si kuifuta vumbi, ni kuitia kwenye dawa gizani ili sura zitokee. Kwa hiyo mteja aliyekuja mwanzo wa filamu alisubiri mpaka aje yule wa mwisho. Mteja akianza kuja juu, Fundi Mkuu alinigeukia na kusema, "Kaa pale nimalizie filamu." Hivyo ndivyo nilivyopigwa picha mara ya kwanza maishani, kwa kujaza nafasi iliyobaki.

Niliipeleka Msimbu kama zawadi. Hapa lazima niseme jambo moja. Mama yangu, Zena, alifariki nikiwa bado nanyonya, na hakuwahi kupigwa picha. Wazazi wake walikwishatangulia, na upande wao hakubaki wa karibu. Nimekua nikiambiwa nimemchukua mama sura nzima, lakini wenye kusema hivyo ukiwauliza macho yake yalikuwaje, wanababaika. Aliyeijua sura ile kweli alikuwa baba, na baba hakuoa tena.

Aliipokea picha, akasogea nayo mlangoni kwenye mwanga.

"Nimeshtuka," akasema. "Nilidhani ni Zena."

"Kumbe ni kweli tunafanana, baba?"

"Mnafanana. Ila Zena hakutazama hivi, kama anayedai chake. Yeye aliinamisha uso kidogo, macho ndiyo yanapanda."

Nilirudi Kibaha na maneno hayo kichwani. Nilitaka kumwona mama yangu. Ningeweza kuinamisha uso, ningeweza kupandisha macho, na kamera ilikuwepo.

Sikuwa na muda mrefu. Baba alikwishaanza kulalamika kwamba anaona ukungu pembeni, anajikwaa kwenye visiki anavyovijua. Daktari alimwambia ni presha ya macho: inakula kidogo kidogo, na kilicholiwa hakirudi. Kama nilitaka mtu wa kuniambia "Huyu ndiye," ilibidi nimwahi mtu huyo angali anaona.

Kamera ya studio ilikuwa na kidude pembeni ya lenzi. Ukikivuta kinaanza kunguruma taratibu, kisha kinafyatua chenyewe. Fundi Mkuu alikitumia anapotaka kuingia kwenye picha na jamaa zake. Mimi nikakifanya mwalimu wangu. Nilisimamisha ufagio kwenye stuli, nikalenga, yaani nikazungusha lenzi mpaka njiti za ufagio zionekane moja moja, kisha nikavuta kidude, nikakimbia, nikatoa ufagio, nikakaa mimi, nikashusha pumzi. Mwanzoni nilitoka nimetumbua macho kama aliyefumaniwa.

Kila nilipopata nafasi ya kwenda nyumbani nilibeba picha, na baba alinisahihisha. Alisema shavu la Zena lilibonyea kidogo upande mmoja; nikajifunza kuzima taa ya pili, kwa sababu taa mbili huufanya uso kuwa bapa, na moja ya pembeni huchimba shavu. Alisema Zena alipenda kujitanda kanga mpaka karibu na nyusi, nikajitanda. Nina kovu juu ya jicho, la kuanguka utotoni. Nikalifuta kwa penseli kwenye negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, kazi tuliyozoea kuwafanyia mabibi harusi. Penseli kali, mkono mwepesi, na pale ulipogusa panatoka peupe na laini kwenye picha.

"Karibu," baba alikuwa akisema. "Karibu sana. Lakini bado."

Aliziweka zote kwenye mkebe wa biskuti, juu ya kabati la vyombo.

Fundi Mkuu hakuwa mjinga. Siku moja, tukiwa tunaanika picha kwenye kamba, alinyanyua moja akaigeuza geuza.

"Kila filamu inaishia kwako, Tatu. Unajipenda kiasi hicho?"

Nikamweleza yote. Alinawa mikono muda mrefu kabla ya kujibu.

"Mimi nimewapigia watu wengi picha ambazo baadaye zikawa za marehemu," alisema. "Wakishaitundika ukutani hawamsimulii tena mtu wao. Wanaisimulia picha. Angalia hilo."

Nilidhani anaonea uchungu filamu yake. Nikaitikia "Ndiyo, fundi," na sikuliangalia.

Baadaye nilipata kazi ya mshahara katika ofisi moja ya serikali huko Kisarawe, kwenye kitengo cha picha. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimesogea karibu na Msimbu. Afisa Mfawidhi wetu alikuwa mtu mfupi, nadhifu, aliyemwita kila mtu ndugu, na kwake kazi ilikuwa kazi. Ilikuwa wakati wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa, nasi tulipelekwa kupiga picha nyumba mpya, mashamba ya pamoja, mikutano. Aliagiza niwasogeze watu mbele ya nyumba na niwaambie watabasamu.

Katika kijiji cha Kibuta nilimkuta mama mmoja amesimama mbele ya nyumba isiyoezekwa, mtoto mgongoni.

"Tabasamu kidogo, mama," nikamwambia.

"Nitabasamie nini, mwanangu? Mikorosho yangu imebaki kule. Wewe piga tu, usije ukagombezwa kwa ajili yangu."

Nikapiga hivyo hivyo. Afisa Mfawidhi aliitazama ile picha, akaiweka kando na kusema haitumiki. Mimi niliitazama kwa muda mrefu. Yule mama alikuwa amechoka kabisa, na katika uchovu ule alikuwa ananionea huruma mimi. Nikakumbuka baba aliwahi kuhangaika kunieleza macho ya Zena, akashindwa, akasema tu, "Alikuwa akikutazama kama wewe ndiye mwenye shida." Tangu siku hiyo nilijua ninachokosa. Kanga na taa nilikuwa navyo, na shavu nilikwishalipata.

Lakini filamu ikaadimika. Mliozaliwa juzi mmesimuliwa foleni za sukari na sabuni. Filamu na karatasi za picha hakuna anayezisimulia, ila nazo zilipotea, na zikija zinakuja kwa kusuasua. Niliomba nafasi moja tu ya mwisho wa filamu.

"Ndugu Tatu," Afisa Mfawidhi akasema, si kwa ukali, "filamu ya umma si kioo cha kujitazamia."

Nilikubali. Nilikwenda Msimbu mikono mitupu, tena na tena. Baba naye alikuwa amehamishiwa kwenye safu ya nyumba mpya kando ya barabara, na ile aliyoishi na mama ikabomoka kwa mvua. Alikuwa akitembea na fimbo, akisogeza vitu karibu na jicho la kushoto, kwa maana la kulia lilikwishakwenda. Aliniuliza, "Safari hii hujaniletea Zena?" Nilifurahi aliposema hivyo. Niliona kazi yangu inakaribia kufika.

Nilipopata likizo nilikwenda Kibaha kwa Fundi Mkuu. Nilikuta studio nusu imefungwa, mapazia yameliwa na mende, mwenyewe amezeeka. Nikamwamkia, nikamwomba. Alivuta droo, akatoa filamu moja.

"Muda wake umepita. Itatoka na ukungu."

"Haidhuru, fundi."

Sikuwasha taa. Niliweka stuli karibu na dirisha, nikasimamisha ufagio, nikalenga, nikavuta kidude, nikakaa. Sikufikiria pozi. Nilimfikiria yule mama wa Kibuta alivyonihurumia akiwa hana hata paa. Nilipiga filamu nzima hivyo, nikaingia chumba cha giza.

Filamu ilipokwisha kusafishwa na kukauka, chini ya taa nyekundu niliizamisha karatasi ya picha kwenye dawa, nikawa naitikisa sahani. Macho yalitangulia kutokea, kisha shavu, kisha ukingo wa kanga. Aliyetokea hakuwa mimi. Alikuwa mwanamke ninayemfahamu na sijawahi kukutana naye, ananitazama kutoka ndani ya maji.

"Shikamoo," nikasema.

"Unaongea na nani humo?" Fundi Mkuu akauliza kutoka nje ya pazia.

"Na mama."



Nilifika Msimbu kesho yake, jua limeshachomoza vizuri. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Umekuja na nini?" Nikampa. Alitoka nayo uani, akakaa kwenye kigoda, akaigeuza kuelekea mwangani, akaisogeza mpaka ikagusa kope za jicho la kushoto. Akaanza upande mmoja, akaenda taratibu hadi wa pili, kama anayesoma. Nikaona machozi. Moyo ulinidunda kwa furaha, naungama hivyo, kwa furaha.

"Ndiye, baba?"

Akairudia tangu mwanzo.

"Ndiye?"

"Sijui, mwanangu."

"Huoni vizuri? Tusubiri jua lipande?"

"Naona. Hii naiona." Akaishusha mapajani. "Zamani nilikuwa nikifumba macho namwona Zena. Anapeta mchele, anacheka na wewe mgongoni. Ndiyo maana niliweza kukwambia, hapa sivyo, pale sivyo. Sasa nikifumba macho naona picha zako. Naona ile ya kwanza, na ile ya kanga. Yeye simpati. Nimemtafuta tangu mwaka jana, sikutaka kukwambia kwa sababu ulikuwa unahangaika."

Nikamwambia nitauchukua ule mkebe, nitauchoma, pengine mama atarudi.

"Uache," akasema. "Ndizo nilizobaki nazo."

Jicho la kushoto nalo lilipofuka kabla ya mavuno ya mihogo iliyokuwa shambani siku ile. Sikujipiga picha tena. Nilirudi kazini, nikaendelea na mikutano na mashamba, na baadaye, ofisi zilipobadilika, picha za vitambulisho: uso mbele, masikio yaonekane, usitabasamu. Kazi ile haikunidai chochote, nami nikaifanya vizuri mpaka nikazeeka nayo. Vijana wanaokuja kuniuliza habari za ufundi wa zamani nawafundisha taa moja na dirisha, nawafundisha kulenga kwa ufagio, wanacheka. Wananiuliza kwa nini ukutani kwangu hakuna picha yangu hata moja. Nawaambia mpiga picha hukaa nyuma ya kamera, nao wanaridhika. Ukweli ni kwamba nilichotaka katika kazi hii kilikuwa kimoja tu, na nilikipata kwa saa moja ndani ya chumba cha giza, na aliyelipia ni baba.

Mwaka niliostaafu nilihamia Msimbu kumuuguza. Alikuwa mzee sana, mwepesi wa kubeba, haoni wala hatoki. Nilimlisha uji, nikamwogesha, nikamsimulia nani kapita barabarani. Mchana mmoja, baada ya adhuhuri, nilikuwa nimekaa chini kando ya kitanda chake, nakunja nguo. Akageuza uso upande wangu akaita, kwa sauti ya kijana kabisa:

"Zena."

Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Nikaweka nguo chini.

"Abee," nikaitika.